Re: Tuwatumie nguo au hela?

Mkuu umeuliza mtume nguo au hela kwa lile kanisa la nje lililopigwa na mafuriko. Mi nasema hela, ila waulizeni kwanza wenyewe, maana sisi tulishawahi kufungasha maboksi ya makoti yakakaa bandarini miezi yanasubiri ushuru mpaka yakaota ukungu, aibu tupu. Na hela isipite kwa mtu mmoja hata awe mchungaji mnayempenda vipi. Soma 2 Wakorintho 8, Paulo akichangisha kwa ajili ya Yerusalemu hakushika mchango peke yake, alimtuma Tito na ndugu wawili, mmoja kachaguliwa na makanisa kabisa, ili asije akalaumiwa. Na Wakristo wa Makedonia waliotoa mchango huo walikuwa hohehahe wenyewe!