Maswali ya Wasomaji: Llandovery Castle, Meli ya Abiria Iliyogeuzwa Hospitali

Babu yangu alikuwa kuli bandarini Mombasa miaka ya hamsini kurudi nyuma, na hakuacha kuitaja Llandovery Castle. Mbona nasoma kwamba ilizamishwa 1918? – Msomaji, Mombasa

Babu hakukosea. Zilikuwa meli mbili za jina moja, zote za kampuni ya Union-Castle. Ya kwanza, tani 11,423, iliundwa Glasgow mwaka 1914 kwa ajili ya safari za London na Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo iliyozama. Ya pili iliundwa 1925 na ikawa inazunguka Afrika nzima. Bila shaka ndiyo aliyoipakua babu. Nayo pia ilitumika kama hospitali, katika Vita vya Pili.

Meli ya abiria hugeuzwaje hospitali? – Msomaji, Tanga

Llandovery Castle ya kwanza iliingia kazi hiyo Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa na vitanda 622 na wahudumu wa afya 102. Kwa nje, Mkataba wa The Hague wa 1907 ulitaka meli ya hospitali ya jeshi ipakwe rangi nyeupe, izungushiwe mkanda wa kijani wenye upana wa mita 1.5 hivi, na ipeperushe bendera ya msalaba mwekundu pamoja na ya taifa lake. Usiku, taa ziliwashwa ili alama zionekane. Jina la meli lilitakiwa limfikie adui kabla haijaanza kazi.

Wengi husahau sharti jingine: adui ana haki ya kuisimamisha na kuipekua. Akishuku kuna silaha, apande akague. Rangi nyeupe haimpi ruhusa ya kupiga kwanza na kuuliza baadaye.

Kwa nini kati ya watu 258 walipona 24 tu? – Msomaji, Dodoma

Usiku wa tarehe 27 Juni 1918 meli hiyo ilikuwa ikirudi Liverpool kutoka Halifax, Kanada, bila mgonjwa hata mmoja. Maili 116 kutoka Fastnet, Ireland, nyambizi ya Kijerumani U-86 iliipiga topido upande wa nyuma, karibu na chumba cha injini. Hapo ndipo penye jibu. Amri ya kusimamisha injini ilitolewa, lakini waliokuwa kule chini walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, hakuna wa kuitekeleza. Meli ikazidi kwenda mbele huku ikijaa maji, na boti inayoshushwa ubavuni mwa meli inayotembea hupigwapigwa na kujaa maji kabla haijaachiwa. Meli ilizama kwa dakika 10 hivi.

Boti namba 5 ilibeba wauguzi 14 wa Kanada na Sajini Arthur Knight. Kamba ziligoma kufunguka. Shoka mbili zikavunjika katika kuzikata. Makasia nayo yakavunjika wakijisukuma wasigongwe na ubavu wa meli. Walipojinasua, boti ikabebwa hadi tezi, sitaha ya nyuma ikakatika, na maji yaliyokuwa yakivutwa chini yakaipindua. Knight aliokolewa, wauguzi wote wakafa.

Ila si bahari peke yake iliyoua. Nahodha wa U-86, Helmut Patzig, alikuwa akidai meli ilibeba marubani wa Marekani. Aliwahoji manusura, hakupata ushahidi, kisha nyambizi ikazipiga boti kwa mizinga. Ikabaki boti moja.

Waliadhibiwa? – Msomaji, Dodoma, tena

Nusunusu. Patzig hakupatikana. Mwaka 1921 mahakama ya Leipzig, Ujerumani, iliwahukumu maofisa wake wawili, Ludwig Dithmar na John Boldt, miaka minne kila mmoja. Walijitetea kwamba walitii amri. Majaji wakajibu kuwa amri ya kuwaua watu wasio na ulinzi botini kila mtu anajua ni haramu, kwa hiyo utii si kinga. Hoja hiyo wanasheria wanaitumia hadi leo. Wafungwa wenyewe walitoroka, wote wawili.