Risiti ya Ushuru Si Leseni

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza viazi karai, bhajia na mahamri kila jioni mbele ya nyumba tuliyopanga Bombolulu, hatua chache kutoka barabara ya Malindi. Kila siku hutoa ushuru wa kaunti na kupewa risiti, nami nimezihifadhi zote katika kopo la maziwa. Wiki iliyopita bwana afya alipita akataka kuona leseni na cheti cha afya. Nilipomwonyesha kopo langu alitikisa kichwa. Je, nimekuwa nikilipa bure, na sasa nianzie wapi? (Mama Mahamri, Bombolulu)

JIBU: Hukulipa bure, Mama, ila risiti ile huthibitisha tu kwamba ada ya siku hiyo imelipwa. Haisemi kwamba biashara yako imesajiliwa, wala kwamba mikono inayokanda unga huo imepimwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula, na ndiyo maana shughuli yako yote huishia hapa hapa Mombasa.

Ushauri wangu ni uanze na cheti cha afya kabla ya leseni, kwa sababu hicho ni chako mwenyewe na utakwenda nacho hata ukihamisha meza. Utapimwa katika kituo cha afya cha serikali, kipimo cha kinyesi kikiwa miongoni mwa vipimo vyenyewe, ili ijulikane kwamba hubebi maradhi yanayoambukizwa kwa chakula, kama vile homa ya matumbo. Cheti hudumu miezi sita, kwa hivyo andika tarehe ya kukirudia ukutani. Wapo wanaoona haya kupeleka kikopo maabara wakaamua kununua cheti bila kupimwa. Hicho ni cha kughushi, na mwenye kubanwa huwa ni yule aliyekutwa nacho mezani.

Bwana afya atataka pia kuona unapopikia, akiongozwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na sheria ya chakula na dawa, Sura ya 254. Wauzaji wengi hudhani atatazama karai. Kiazi kilichotoka sasa hivi katika mafuta yanayochemka kina hatari ndogo. Mashaka huanza kinapochovywa katika ukwaju uliokorogwa kwa maji ya mtungi yasiyochemshwa, ukakaa wazi tangu alasiri, na kijiko kimoja kikazunguka kwa wateja wote. Kachumbari ni hivyo hivyo, maana haipiti motoni kabisa. Chemsha maji ya ukwaju, uufunike, na umimine wewe mwenyewe badala ya kumwachia mteja achovye. Weka ndoo yenye bomba na sabuni karibu na meza, na ikiwezekana mtoto apokee pesa huku wewe ukishika koleo, kwani noti iliyotoka mfukoni mwa utingo haifai kugusana na hamri. Chakula kilichopikwa kisikae nje bila moto kwa muda unaozidi saa mbili. Mbaazi za nazi, katika joto letu hili, ndizo za kwanza kuchacha.

Leseni yenyewe huombwa katika idara ya biashara ya kaunti. Ada zake hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti na zinaweza kubadilika, kwa hiyo usitegemee kiasi alicholipa jirani mwaka juzi. Lipa kwa njia rasmi inayotoa risiti yenye jina lako, na usimkabidhi mtu pesa taslimu barabarani, hata akiwa amevaa sare.

Limebaki suala la mahali. Ukiwa ndani ya kiwanja cha nyumba, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Lakini barabara ya Malindi ni barabara kuu ya taifa, na hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi ulio kando yake, iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa; leseni ya kaunti haikupi haki ya kusimamisha meza juu ya hifadhi hiyo, na tingatinga likija halitauliza una cheti gani. Rudisha meza nyuma ungali na nafasi.

SWALI: Binti ya dada yangu hunishikia meza ya mihogo ya kukaanga ninapokuwa na udhuru. Je, anaweza kutumia cheti changu cha afya? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hawezi. Leseni hufuata biashara, lakini cheti cha afya hufuata mwili uliopimwa, na kila anayeshika chakula hutakiwa awe na chake, hata akishika kwa siku moja. Mpeleke akapimwe siku utakayokwenda kuhuisha chako, ili tarehe zenu zilingane na safari iwe moja.