Re: Michongoma au seng'enge?
Mkuu umeuliza uzio gani wa bei nafuu kwa kiwanja chenye watoto na kuku. Mi nakushauri michongoma aisee, ila inachukua miaka kufunga vizuri kwa hiyo kwa sasa zungushia seng'enge kwenye nguzo za mirunda halafu miche uipande kwa ndani, futi moja moja, mistari miwili ya kupishana, na uikate vichwa mapema itoe matawi chini, maana ukiiacha irefuke tu chini panabaki matundu kuku wanapita kama mlangoni. Nguzo zipake oili chafu sehemu inayozama ardhini, mchwa hawana huruma. Minyaa achana nayo kabisa, yale maziwa yake yakimwingia mtoto machoni ni hatari sana.