Kisia Kwanza, Kisha Utafute

Mimi siyo wa kufuta programu zote kwenye simu. Nilichojizoeza ni kitu kimoja tu: nikitaka kujua jambo, siulizi mtandao mpaka nimekisia jibu. Nalisema kwa sauti au naliandika kwenye karatasi, hata kama nina hakika nimepotea.

Watu hulalamika kwamba intaneti imetuharibia kumbukumbu. Ni kweli kiasi. Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science: watu walioamini kwamba kompyuta itawatunzia taarifa walizikumbuka kidogo kuliko walioamini zitafutwa. Ila folda zilimowekwa taarifa hizo walizikumbuka vizuri zaidi kuliko taarifa zenyewe. Hilo halinikoseshi usingizi. Tangu zamani tumezitunza kumbukumbu zetu kwenye madaftari na kwa wazee.

Kinachonitia wasiwasi ni kule kujiona tunajua. Mwaka 2015 Matthew Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba mtu akitoka kutafuta maelezo mtandaoni hujipa alama za juu za uelewa, hata kwenye mada ambazo hakuzitafuta kabisa. Kusoma jibu la mwenzako kunakupa kiburi cha aliyelifikiri.

Moja ya maswali yao lilihusu zipu. Chukua kalamu ueleze zipu inavyofunga. Mimi niliandika kwa mbwembwe kuhusu meno mawili mawili, nikafika kwenye kile kidude cha kuvuta, kalamu ikagoma. Kinafanya nini hasa? Ndipo nikatafuta. Kumbe ndani yake kuna njia mbili zinazokutana zikawa moja, mfano wa herufi Y. Ukivuta, meno yanasogezwa yakiwa yameinama kidogo, na kila jino linaingia kwenye pengo la upande wa pili. Jibu lile limenikaa kwa sababu lilikuta shimo linalolisubiri.

Fanya hivyo hata mnapokuwa wengi. Swali likizuka kwenye maongezi, kuna mmoja lazima atachomoa simu, na mazungumzo yanafia hapo hapo. Mwambieni asubiri. Kila mtu atoe lake, mbishane, mcheke, halafu ndiyo aangalie.

Jingine dogo: andika swali lako kabla ya kufungua simu, na likishajibiwa, toka. Ule ukurasa unaoteremka bila mwisho, ambao Aza Raskin aliubuni mwaka 2006 (na baadaye akasema anaujutia), hauna mahali pa kukuambia basi. Hiyo karatasi ndiyo itakayokuambia.

Kipimo cha dawa, namba ya akaunti na saa ya kuondoka ndege havimo katika zoezi hili. Hivyo fungua tu uangalie.