Maswali ya Wasomaji: Soya na Udongo Wenye Tindikali

SWALI: Nalima soya Mbozi, katika shamba la udongo mwekundu ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la mahindi. Mimea inadumaa na majani yanakuwa ya njano hata baada ya kuweka Urea. Maabara imenipa majibu ya pH (kipimo cha tindikali) 4.9. Niongeze mbolea gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usiongeze yoyote. Udongo wako una tindikali nyingi, kwani pH inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, na Urea uliyokuwa ukikuzia mahindi mwaka hadi mwaka imechangia kuizidisha.

Soya hustawi zaidi pH ikiwa kati ya 6.0 na 6.8. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungika katika mfinyanzi huyeyuka na kuharibu ncha za mizizi, huku fosforasi ikinaswa na madini ya chuma yaleyale yanayoupa udongo wako rangi nyekundu, hata mbolea ya kupandia uliyoigharimia ikabaki shambani bila kuufaidi mmea. Molibdeni nayo huadimika, na bila madini hayo bakteria wanaoishi katika vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizi ya soya, hawawezi kunasa naitrojeni ya hewani. Ndiyo sababu majani yana njano.

Soya inapotoa maua, chimbua mche mmoja kwa jembe. Usiung'oe, maana vinundu vitakatikia ardhini. Suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijani, hakikusaidii. Utazame pia mzizi mkuu. Ukiwa umepinda kwenda pembeni kwenye kina ambacho jembe hukomea, chini yake pana tabaka gumu ambalo chokaa ya kupunguza tindikali peke yake haitaliondoa. Ni lazima livunjwe kabla ya mvua.

Chokaa ya kilimo imwagwe mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda na ichanganywe vizuri na udongo wa juu. Kiasi cha jirani usikiige, kwa kuwa mashamba mawili yenye pH moja yanaweza kuhitaji viwango tofauti kabisa: mfinyanzi na mboji huhifadhi tindikali nyingi kuliko kichanga. Iombe maabara ikukadirie. Siku ya kupanda, mbegu zipakwe kivulini bakteria maalumu wa soya, ambao mara nyingi hawamo katika mashamba yasiyowahi kupandwa zao hilo.

SWALI: Je, udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi, unafaa kwa soya?

JIBU: Kwa virutubisho, mara nyingi unafaa, kwani kwa kawaida una kalsiamu ya kutosha na tindikali kidogo. Kikwazo ni maji. Mfinyanzi huo ukilowa huvimba na kuziba njia za hewa, mbegu huoza, na bakteria wa vinundu hudhoofika kwa kukosa oksijeni. Panda juu ya matuta na uchimbe mifereji. Sehemu ambayo maji hutuama kwa siku kadhaa, iachie mpunga.