Gemu imeharibiwa makusudi? Kabla hujarusha pedi, jiulize umeshika kopi ya nani

Juzi kati dogo mmoja kaja hapa kwangu Mafiati, Mbeya, na simu mkononi, kanuna, ananiambia "bro hawa jamaa wameiharibu gemu makusudi, kila nikifika fainali inajifunga". Gemu ya mpira, jina naliacha. Nikataka kucheka afu nikajizuia, maana na mimi nilishawahi kusema maneno hayohayo, na cha ajabu nilikuwa sahihi nusu.

2008 nilikuwa naangalia banda la gemu la bro wangu kule Ilomba. Mashine za PlayStation, PS1 mbili na PS2 moja, tivii za kichogo, mabenchi ya mbao. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya mnaijua, madogo walikuwa wanajaa mule hata wasio na hela, wanafuata joto la watu tu. Mashine zote zilikuwa na chipu ya kuzifanya zisome CD feki, na CD zote za kuchoma, tunanunua kwa jamaa mmoja Mwanjelwa, jina la gemu kaliandika kwa maka peni juu ya CD na mara nyingi kalikosea. CD orijino mi nimekuja kuiona nikiwa mtu mzima.

Sasa kulikuwa na dogo mmoja wa darasa la sita, yeye mpira hataki, anataka ile ya kijoka cha zambarau, Spyro, ile ya tatu, Year of the Dragon. Humo unatafuta mayai ya majoka, yako 150, kwahiyo ni gemu ya kucheza mwezi mzima, yani akitoka shule anakuja na mia mbili zake anacheza anasevu anaondoka, na mi nikamwekea alama ya bik kwenye memori kadi mtu asije akaifuta. Siku moja kale kadada kenye mabawa kanakojitokezaga humo kakaja kakaongea Kiingereza kirefuuu. Dogo akaniuliza, kaka kanasema nini? Nikaangalia juu juu nikamwambia kanakusalimia. (Kiingereza changu cha form two, msinicheke.)

Baada ya hapo mayai yakaanza kupungua. Jana alikuwa na themanini, leo sabini na kitu. Akaanza kumshuku kila mtu mle ndani, na mimi akanishuku. Akakomaa hivyohivyo, wiki kadhaa baadae kafika kwa yule mchawi wa mwisho, banda zima limeacha mpira linamwangalia yeye, mara pwaa, karudishwa mwanzo kabisa wa gemu. Tukafungua memori kadi, hamna kitu, alama ya bik tu ndo imebaki. Dogo alilia kilio cha msiba. Kesho yake asubuhi mama yake huyo, kitenge kiunoni, "we kijana, mwanangu mmemfutia vitu vyake afu hela yake mmekula". Nikamwambia shikamoo mama, nikarudisha elfu moja na mia tano, na bro akanikata kwenye posho.

Miaka mingi baadae, nina bando na sina kazi, ndo nikasoma kilichotokea. Gemu ile ilitoka 2000, na walioitengeneza walijua itachomwa tu, kwahiyo wakaijaza mitego inayokagua kama CD imechezewa. Ikijua imechezewa haikatai kuwaka, hapo ndo ujanja ulipo, inakuacha ucheze afu inakuibia mayai kidogo kidogo, na ukifika kwa bosi wa mwisho inafuta kila kitu. Ukivunja kinga ya gemu inayokataa kuwaka utajua palepale kama umefanikiwa, lakini hii ilibidi wezi wacheze gemu nzima ndo wajue mtego gani wameusahau. Iliwachukua zaidi ya miezi miwili, na miezi ya mwanzo ndo ya mauzo. Na kale kadada siku ile hakakuwa kanasalimia bhana, kalikuwa kanatuambia kwamba kopi hii imechezewa na mambo yataharibika.

Kwahiyo ukiniuliza kama mtengenezaji anaweza kuihujumu gemu yake mwenyewe, jibu ni ndio, ila anamhujumu nani? Hujuma zilizothibitika nyingi ni za hivi, zinalenga kopi ya wizi. GTA IV, ile gemu ya magari na ujambazi, kwenye kopi ya wizi ya kompyuta kamera inayumba kama umetoka kilabuni, gari linaongeza mwendo lenyewe. Serious Sam 3 ya 2011, gemu ya kupiga risasi, ukiwa na kopi ya wizi inakuletea nge mkubwa hafi hata umpige nini, anakukimbiza mpaka uzime. Lakini kiboko ni Game Dev Tycoon, 2013, gemu ambayo unaendesha kampuni ya kutengeneza gemu, wenyewe walioitengeneza wakaipandisha mtandaoni ikiwa imeshavunjwa, ila kwenye kopi hiyo kampuni yako lazima ifilisike kwasababu watu wanaiba gemu zako! Siku ya kwanza walihesabu wanaocheza kopi ya wizi 3,104 na walionunua 214. Afu walewale wa wizi wakaanza kulalamika na kuuliza hawa wezi tunawazuiaje. Ni kama uibe maparachichi kule Rungwe afu urudi kwa mwenye shamba kumgombeza hayajaiva.

Ila mtego nao unamng'ata aliyeutega. Titan Quest ya 2006, mwizi akitoka kwenye pango la mwanzo mwanzo gemu inazima, maana ukaguzi uliwekwa hapohapo, bila neno lolote. Watu hawakusema "tumebambwa", walisema gemu mbovu, wakasambaza, na wenye hela wakasikia wakaacha kununua. 2008 studio iliyoitengeneza ikafungwa, sisemi ni kwa hilo tu, lakini msimamizi wa upande wa kampuni iliyoitoa sokoni aliandika kwa uchungu sana kuhusu hilo. Mi nilivyosoma nikakumbuka banda letu, hata sisi tuliwaambia watu miezi yote kwamba gemu ya kijoka ni mbovu msichukue.

Sasa kuna ile ya "wameharibu ili wote tuache". Hii mi siinunui kabisa, gemu ndo ugali wao. 30 Septemba 2021 PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, ilipogeuka eFootball mnakumbuka zile sura, wachezaji wanatisha kama wamefufuka, watu mtaani wakaapa ni makusudi. Konami waliomba radhi, na apdeti kubwa ya kuiweka sawa ikaja Aprili 2022. Walihamia injini mpya (programu inayoiendesha gemu) na wakaitoa kabla haijaiva, basi, ni haraka tu. Na wale wa "gemu imeamua nifungwe", mjue kule California watu walishaishtaki kampuni ya EA Novemba 2020 kwamba gemu yao ya mpira, FIFA, inabadilisha ugumu kwa siri, mwaka uliofuata wakaifuta kesi wenyewe baada ya kuonyeshwa na mainjinia inavyofanya kazi. Kwahiyo ukifungwa dakika ya tisini, kubali tu mwanangu.

Pa kukaza macho ni penye hela. 2017 gemu ya vita ya Star Wars Battlefront II ilitaka kredi 60,000, pointi za kukusanya kwa kucheza sana, ili umpate Darth Vader, yule jamaa maarufu wa kofia nyeusi, watu wakapiga kelele wakashusha mpaka 15,000. Yani namba ile haikuwa bahati mbaya, kuna mtu alikaa akaipanga uchoke utoe hela. Mi hiyo naiita hujuma, kuliko hata nge wa Serious Sam, maana nge anamkimbiza mwizi na hii inamkimbiza aliyelipa.

Ndo maana siku hizi mtu akija analalamika namuuliza kwanza umeitoa wapi. Akisema kanunua dukani, namwambia jaribu na mashine nyingine, badilisha pedi, angalia nafasi kwenye simu, angalia kama kuna apdeti, na kama inaanza kusumbua pale tu inapokuletea kitufe cha kununua basi jibu unalo. Na usevu sehemu mbili, hili silisemi mara moja. Kama una banda la kopi mwambie mteja kabla hajatoa hela, usingoje mama yake.

Yule dogo wa juzi nilipomuuliza akasita sita, kumbe kaipokea kwa mshkaji, "ina coin za bure bro". Nikamwambia ifute, pakua ya kwenyewe, ni bure hata hiyo. Akaniangalia kama namnyima kitu.

Na yule wa mayai sasa hivi ana duka lake la spea Tunduma. Mwaka jana alipita nikamweleza yote kuhusu kale kadada, akanyamaza kidogo afu akaniuliza CD yenyewe iko wapi. Nikamwambia mama yangu aliifunga kwenye kamba shambani, inafukuza ndege kwenye ulezi.