Benki kuu na bei ya dhahabu: yaliyonikuta na gramu zangu 80

Mkuu, umeuliza kama benki kuu ndizo zinazopanga bei ya dhahabu, na kama ukae na gramu zako mpaka Desemba. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa Geita.

Machi 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepamba moto, wakia moja ya dhahabu (gramu 31 hivi) ilipita dola 2,000. Nilikuwa na gramu 80 nilizonunua kwa wachimbaji wadogo, nikagoma kuuza. Vita ni vita, nikajua itapanda tu. Sikuwa natazama Washington. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, dola ikapata nguvu, wenye pesa wakakimbilia hati fungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, maana dhahabu ikikaa kabatini haizai hata senti. Mwanzoni mwa Novemba wakia ilikuwa karibu dola 1,630. Niliuza hapohapo, mtaji ulikuwa wa mkopo na mwenye pesa zake alishachoka kunisubiri.

Kilichoniuma zaidi ni kujua baadaye nani alikuwa ananunua wakati sisi tunauza. Mwaka ule benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000, zikarudia 2023 na 2024. Akiba ya Urusi ya takribani dola bilioni 300 ilikuwa imezuiwa na nchi za Magharibi, na wengine wakaona kwamba dola zilizo kwa mwenzako zinafungiwa, dhahabu iliyo kwenye hazina yako haifungiwi. Mnunuzi wa namna hiyo hatishwi na riba. Ndiyo maana 2023 riba ya Marekani ilipita asilimia 5 na bei haikuanguka, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000.

Lakini usizifuate benki kuu kama kondoo, nazo hukosea. Uingereza iliuza karibu tani 395 kati ya 1999 na 2002, kwa wastani wa dola 275 hivi kwa wakia!

Benki Kuu ya Tanzania nayo inanunua, na tangu Oktoba 2024 wanaouza dhahabu nje ya nchi wanatakiwa kuitengea angalau asilimia 20 ya dhahabu yao. Kwetu ni soko la uhakika, ila bei ya dunia haisogei kwa hilo.

Sasa kuhusu kusubiri Desemba. Kamati ya riba ya Marekani hukutana mara nane kwa mwaka na tarehe zinajulikana. Mimi siku hizi siingii siku hizo nikiwa na mzigo wa mkopo. Kama pesa ni yako, uza nusu, nusu iache. Kama ni ya mkopo, uza zote wiki hii. Niambie ni ipi kati ya hizo.